Binti wa Mogesi wa Kulala

Kwa watu wa Nyanungu hakuna dhambi kubwa kuliko uvivu. Mwizi wa ng'ombe wanaweza kumsamehe, hasa akiwa wa kwao. Mlevi wanamcheka tu. Lakini mwanamke akikutwa amelala jua likiwa limepanda, jina lake litatajwa mpaka kwa wajukuu. Ndivyo lilivyotajwa la Mogesi, mama yake Bhoke. Walimwita Mogesi wa Kulala, na mpaka leo, miaka mingi baada ya kuzikwa, mtoto akichelewa kuamka huulizwa kama ametumwa na Mogesi.

Bhoke aliapa tangu utotoni kwamba jina hilo halitamfuata. Alilima ujana wake wote kama mtu anayegombana na ardhi. Kwenye risaga, ile kazi ya kulimiana ambapo majirani huhama shamba hadi shamba, wanawake waliogopa kupangwa mstari wa jirani naye, maana angewaacha nyuma na bado angewageukia kuwatania.

Kisha yakaja mambo, na hayakuja kwa zamu. Duara, shimo la wachimbaji, lilimfunika mumewe, Marwa, huko Matongo alikokuwa akichimba dhahabu na wenzake, na Bhoke akakaa muda mrefu akingoja kuambiwa kama ana maiti ya kuzika au hana. Wezi wakaja wakaondoka na ng'ombe. Tangu hapo alilala sikio moja likiwa nje na panga likiwa kando ya kitanda, miaka nenda miaka rudi. Mama mkwe akaugua, akamuuguza mpaka akamfumba macho. Mwisho wa yote ilikuja homa ya kawaida kabisa, ya aina ambayo watu humeza dawa na kurudi shambani. Homa iliondoka, nguvu hazikurudi.

Haukuwa uchovu wa kazi. Uchovu wa kazi Bhoke aliujua, walikuwa marafiki. Unalala nao jioni, asubuhi umekwenda zake. Huu uliamka pamoja naye. Kuchota maji kulimlaza. Kukaa na wageni wenye maneno mengi kulimlaza. Na lililowakera watu zaidi ni kwamba zilikuwepo siku aliamka mzima, akapika, akafagia uwanja, akacheka na wapita njia, halafu baada ya siku mbili hawezi kushika hata kikombe. "Akitaka anaweza," walisema, na wakaona wamemaliza kesi. Mgonjwa wa aina hii hana shahidi mbaya kama siku yake nzuri.

Binti yake wa pekee, Felista, fundi cherehani huko Nyamongo, ndiye aliyempeleka hospitali Tarime. Damu ilipimwa, mkojo ukapimwa, moyo ukasikilizwa, hakikuonekana kitu. Lakini siku moja Bhoke alimpata daktari mwenye subira, mwanamke wa makamo, ambaye hakuharakisha kumrudisha nyumbani. Alimuuliza habari za Marwa, za wezi, za usingizi. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.

"Mama yako mzazi alikuwaje?"

"Alikuwa mvivu," Bhoke alijibu.

"Nani alisema?"

Bhoke alitafuta jina la mmoja. Walisema wote.

Daktari alimweleza taratibu kwamba ugonjwa wake upo na una jina, uchovu sugu, na kwamba kupima damu na kukosa kitu si kusema mtu anajifanya. "Watafiti hawajamaliza kuuelewa, sitakudanganya," alisema. "Lakini wapo wanaoona kwamba baadhi yetu tunazaliwa na tofauti ndogo kwenye vinasaba, zile zinazohusika na namna mwili unavyopokea shida, na namna unavyotulia shida ikipita. Tofauti hizo peke yazo unaweza kuishi nazo mpaka uzeeni zisikufanye lolote. Sasa ziongezee msiba. Ongeza hofu ya kila usiku kwa miaka. Mwili unakuwa kama mlinzi aliyeambiwa asilale, halafu hakuna anayekuja kumpokea."

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa nao."

"Sikumpima mama yako, siwezi kusema. Wala siwezi kusema Felista ataupata. Ninachoweza kusema ni hiki: siku ukiamka vizuri, usiitumie yote. Utailipa, tena na riba."

Bhoke alirudi nyumbani na hasira. Hakumkasirikia daktari wala ugonjwa; aliikasirikia Nyanungu nzima. Alimkumbuka mama yake amekaa mlangoni, akilitazama jembe kama mtu anayeutazama mlima. Alikumbuka baba alivyolirusha jembe lile miguuni pake mbele ya wageni, na yeye Bhoke, binti mdogo, alivyoona aibu kwa ajili ya mama badala ya kumwonea huruma. Siku hiyo alimlilia Mogesi kilio ambacho hakumlilia siku ya maziko. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti huyo hakuwahi kupewa nafasi ya kusema.

Sasa Felista alikuwa amepata mchumba. Kijana aliitwa Method, fundi pikipiki wa hapo hapo Nyamongo, na walipendana waziwazi, bila kujificha. Lakini kabla ng'ombe wa mahari hawajatajwa, ukoo wa binti lazima uchunguzwe: kama una uchawi, kifafa, wizi au uvivu. Tena huchunguzwa kwa kushtukiza. Mtu hutumwa asubuhi akamwone mama wa binti akiwa kazini, kwa sababu binti anaweza kujipamba, lakini mama, wanasema, hafichiki. Aliyetumwa safari hii alikuwa Agustina, shangazi yake Method, muuza nyama choma ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake.

Siri hiyo, kama siri zote za Nyanungu, ilifika kabla ya mwenyewe. Nikodemo, mdogo wake marehemu Marwa na msimamizi wa mji aliouacha, alikuja kusimama mlangoni kwa Bhoke akiwa ameishika kofia mkononi.

"Shemeji, anakuja kesho asubuhi," alisema. "Akukute kwenye ulezi, unapalilia. Basi. Akishaondoka, ulale hata mwezi mzima, mimi sitasema neno."

"Nitaulala kweli huo mwezi. Daktari ameshaniambia."

"Daktari haozeshi mtu. Unataka Felista azeekee kwenye cherehani kwa sababu ya usingizi wako?"

Nikodemo hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Angekuwa mbaya, Bhoke angemfukuza. Lakini alimpenda Felista kama mwanawe wa kumzaa, na aliogopa kwa niaba yake. Bhoke naye aliogopa. Alisema sawa, na akamwomba asimwambie binti.

Asubuhi aliingia shambani na jembe dogo la kupalilia. Kwa bahati mbaya ilikuwa siku nzuri. Ulezi ulikuwa umefika magotini, magugu yamenona, ardhi laini kwa mvua ya jana yake. Mikono ilikumbuka kila kitu. Alipalilia mstari wa kwanza, akageuka, akaanza wa pili, na furaha ikampanda kifuani mpaka akataka kuimba. Hakuna aliyemwambia kwamba jambo gumu la ugonjwa huu si kuchukia kazi, ni kuipenda na kunyimwa.

Bodaboda ilisimama kwenye kijia. Agustina alishuka, mnene, amejifunga kitenge kipya, akamwambia dereva amngoje. Nikodemo, aliyekuwa akijifanya anatengeneza uzio tangu alfajiri, alikimbia kumpokea.

"Shikamoo, mama," Bhoke alisema, akinyooka.

"Marahaba. Wewe ndiye mama Felista?" Agustina aliitazama mistari iliyopaliliwa, akainama, akang'oa gugu moja lililobaki, akalitupa. "Umelima haya yote leo?"

"Leo."

"Tata yangu! Kumbe watu ni waongo." Agustina alicheka kwa raha. "Nyamongo yote inaniambia nisihangaike kuja. Eti huku ni kwa yule Mogesi wa Kulala. Eti mtoto wa nyoka ni nyoka. Huyo Mogesi ni nani wenu, au ni jirani tu?"

"Jirani," Nikodemo alidakia. "Wa zamani sana. Kule kilimani."

Agustina alimgeukia Bhoke apate na neno lake. Kilichobaki kilikuwa kuitikia tu. Akiitikia, Felista ameolewa, na Mogesi amekufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mwanawe. Bhoke alilitazama jembe mkononi. Akaliachia. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamke wa Nyanungu hafanyi mbele ya mkwe, jua likiwa bado changa: akakaa chini, katikati ya ulezi, akanyoosha miguu.

"Mogesi ni mama yangu," alisema. "Ndiye aliyenizaa. Na hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anaumwa nini. Hata mimi sikumuuliza."

"Shemeji," Nikodemo alisema kwa sauti ya kuomba.

"Mimi naumwa huo huo. Nadhani ni huo huo."

Agustina alikunja uso. "Mbona nimekuona unalima kwa macho yangu?"

"Umeniona. Ndiyo shida yenu hiyo, mnaona mara moja mnaondoka. Umekuja kuchunguza, basi chunguza mpaka mwisho. Njoo keshokutwa uone kulima huku kunanifanya nini. Ukishaona, kamwambie Method chochote unachotaka, lakini umwambie kweli."

Agustina hakuaga. Bodaboda ilipopotea kwenye kona, Nikodemo alivaa kofia yake polepole. "Umemwua mtoto," alisema, akaenda zake. Bhoke alibaki amekaa, akajisikia mtu kamili kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Keshokutwa hakuweza kugeuza kichwa. Mwanga ulimchoma, sauti ya kuku uwanjani ilimpiga kama nyundo, mikono ilikuwa mizito kana kwamba si yake. Felista alikuwa amefika jana yake, baada ya habari kumfikia kwenye cherehani. Alifunga dirisha kwa kanga, akamlowekea kitambaa cha macho, akamnywesha uji kwa kijiko. Alikuwa amekasirika, na alisema hivyo.

"Ulienda kulima kwa ajili yangu, ukanificha."

"Niliogopa hutaolewa."

"Na mimi naogopa kukuzika, mama. Tungeogopa wote pamoja basi."

Bodaboda ilinguruma nje. Ikasimama, lakini injini haikuzimwa. Nikodemo alisikika akijaribu kumzuia mgeni uwanjani, akisema si adabu, si heshima, mkwe haingii chumba cha mkwe. Agustina aliingia.

Alisimama palepale mlangoni mpaka macho yakalizoea giza. Alimwona mwanamke aliyepalilia ulezi mbele yake juzi. Midomo imekauka, kitambaa machoni, mkono umelala juu ya blanketi kama ulivyowekwa na mtu mwingine. Alitazama kwa muda mrefu, kwa ukaidi, kama anayetafuta mahali pa kukamata uongo. Hakupaona.

"Kweli," alisema mwishoni. Kisha akamgeukia Felista, maana kazi aliyotumwa ilikuwa haijaisha. "Na wewe, binti? Wewe huumwi hivi?"

Felista alikiweka kijiko ndani ya bakuli. "Shikamoo, shangazi. Leo siumwi. Kesho sijui. Daktari naye hajui, na wewe hujui. Labda niliyobeba damuni hayatanifanya kitu mpaka nife. Labda mtanitesa miaka kumi, yaamke." Sauti yake haikupanda. "Lakini nyie mmetuchunguza sana. Sasa na sisi tunawachunguza. Kwenu yupo mtu anayejua kumpa maji aliyechoka bila kumtukana? Siku nikishindwa kuamka, mtaniitaje?"

Huko nje dereva alipiga honi. Nikodemo, mlangoni, alikohoa kikohozi cha mtu anayetaka ardhi impasukie aingie. Agustina, mwenye jibu la kila mtu sokoni, alikaza fundo la kitenge chake.

"Mjibu," Bhoke alisema kutoka chini ya kitambaa. Sauti ilikuwa ndogo, ila haikuwa ya kuomba.

Agustina aligeuka akatoka. Nikodemo alishusha pumzi ya mtu aliyekuwa akilingojea hilo. Wote walimsikia Agustina akivuka uwanja, kisha wakamsikia akimwambia dereva, "Nenda, mura. Usinisubiri." Injini ikaondoka mpaka ikaacha kusikika.

Alirudi, akakunja kitenge chake, akakaa sakafuni karibu na kitanda, mwili wote mzito ukishuka kwa shida. Akachukua bakuli la uji mkononi mwa Felista.

"Jibu lako sina," alisema. "Kwetu tulikuwa na dada yangu, tulimwita majina mabaya kuliko hilo. Hebu nisimulieni huyo Mogesi. Mwanzo kabisa."

Bhoke alitaka kusimulia mwenyewe, lakini nguvu ya kusimulia ilikuwa imeishia kwenye neno lile moja. Alimwachia binti yake. Felista alianza na jembe lililorushwa mlangoni, kama alivyosimuliwa na mama yake, na nje jua lilikuwa limepanda vizuri, watu wenye afya wako mashambani. Naye Bhoke binti Mogesi, mchana kweupe, mbele ya mkwe, hakuomba radhi. Alifumba macho, akalala.