Siku Ottilia Alipokataa Kuitikia Shikamoo

Mara mbili walikuwa wamemrudisha Ottilia nyumbani na jicho lake bovu, na mara zote mbili kosa lilikuwa la mkono. Jicho lenyewe lilikuwa tayari kupasuliwa, daktari alisema hivyo mbele za watu, mtoto wa jicho amekomaa. Lakini kabla ya kuingia chumba cha upasuaji mtu anafungwa mkanda wa presha, na mkanda ule ukimkaza Ottilia mkononi ndani ya kituo cha afya, unasoma mia themanini na nne. Huo mwaka juzi. Mwaka jana, mia themanini na tisa. Nenda nyumbani mama, tumia dawa, uje kambi ijayo.

Wanalisema neno hilo kana kwamba kambi ijayo iko Jumanne. Madaktari wa macho huja mara moja kwa mwaka, mwezi Mei, siku tatu tu, halafu wanateremka ziwani kwenda Mbamba Bay. Ukiwakosa, unakaa na ukungu wako msimu mzima wa kahawa.

Na msimu uliopita ulimuumbua. Kwenye mtambo wa kumenyea kahawa walimwaga kikapu chake chini, watu wanaangalia, wakaanza kutenga matunda mabichi na mekundu. Kijana wa mizani akauliza, "Mama, siku hizi unachuma kwa vidole?" Ilikuwa kweli. Alikuwa anaminya kila tunda kusikiliza kama limelainika. Yeye, aliyemfundisha mama yake kijana yule kuchuma. Akirudishwa mara ya tatu, hatakuwa na shamba tena. Atakuwa na miti tu.

Sasa kilichomkera Ottilia mpaka kwenye mifupa ni kwamba nyumbani presha hiyo haikuwepo. Mwanawe Victor aliwatumia mashine kutoka Songea, na kila asubuhi kabla ya chai mumewe Melkior alimketisha kwenye kiti chenye mgongo, akamvua sweta mkono mmoja, akamfunga. Melkior aliamini mashine ile ikisikia maneno inachanganyikiwa, kwa hiyo alikataza hata kukohoa. Wanakaa kimya kama wako kanisani, mashine inanguruma, inapumua, inatoa namba. Mia thelathini na mbili. Mia thelathini na sita. Mia ishirini na tisa. Melkior akaziandika zote kwenye daftari la mistari, tarehe na saa.

Mwaka jana walikwenda na daftari hilo. Nesi Devotha alilifungua kwa ncha za vidole.

"Nani kaandika hizi?"

"Mume wangu."

"Mume wako ni daktari?"

"Mkulima wa kahawa."

"Sasa mama, daftari halina hata muhuri. Nitajuaje kama hamkukaa jikoni mkazitunga?"

Wakamwongezea dawa maradufu, dawa ya kutibu namba ya kituoni katika mwili unaoishi nyumbani. Wiki ya pili alikuwa anapalilia maharage kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, dunia ikamzunguka, akatumbukia humo na jembe lake. Melkior alipompima, mashine ilisoma tisini na nne. Mganga wa zahanati alimpunguzia dawa siku ileile, ila alikataa kuandika karatasi kueleza kwa nini, kwa kuwa aliyeziongeza ni mkubwa wake. Ottilia alilitunza jambo hilo moyoni pamoja na mengine. Alikuwa na kumbukumbu ndefu, na humo ndani hakikufutika kitu.

"Wanataka muhuri," Melkior akasema mwezi wa nne ulipoingia. "Watapata muhuri."

Mbuzi anasafiri kwa muhuri, mtoto anaanza shule kwa muhuri. Wakavaa nguo za Jumapili, wakabeba daftari na mashine, wakaenda kwa mtendaji wa kijiji, Bartholomayo, kumwomba agonge muhuri kwenye presha.

Bartholomayo aliliangalia daftari, akawaangalia wao. "Mzee Melkior, nimegonga mengi kwenye meza hii, lakini presha bado. Basi mpime hapa nishuhudie kwa macho yangu."

Mashine ikafungwa. Bartholomayo, kijana aliyelelewa vizuri, hakuweza kukaa mbele ya mama mtu mzima bila adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Hawajambo wote."

"Watoto wa Songea?"

"Wanasalimu. Mdogo alikuwa na homa, amepona."

"Na mbuzi?"

Ottilia alikuwa bado kwa mbuzi mashine ilipolia. Mia themanini na moja.

"Mzee," Bartholomayo akasema taratibu, "hili daftari lako ni la mama huyu au la mama mwingine?"

Simu ya mtendaji ikaita, akatoka nje kuipokea. Wakabaki wawili na kalenda ya ukutani. Dakika zikapita, hakuna aliyesema neno, na Melkior kwa mazoea tu akabonyeza tena. Mia thelathini na nane.

Bartholomayo aliporudi hakuamini. Akabonyeza mwenyewe, huku akisema, "Sasa mama hebu nieleze, ulikunywa kitu gani," na Ottilia akaanza kueleza, na namba ikapanda mia sabini na mbili.

Hapo Ottilia akaelewa. Hakuelewa kwa kichwa, alielewa kwa paja. Mwaka aliomzaa Victor, kwenye kitanda cha chuma, mwanamke mwenye gauni jeupe alimzaba kofi la paja uchungu ukiwa umembana, akamwambia, "Ukiulizwa, jibu." Tangu siku hiyo, mtu mwenye meza na kalamu akimuuliza neno, hata la heri, damu yake hukimbia kulijibu kabla ya mdomo. Miaka thelathini na nane inajibu. Na wao wanaipima inapokimbia, wanasema ni ugonjwa.

"Nyamazeni wote wawili," alisema. Wakanyamaza muda mrefu. Mia thelathini na saba.

Bartholomayo akagonga muhuri, akaandika chini yake: Nimeshuhudia, tukiwa kimya.

Siku ya kambi Ottilia alifika kwa bodaboda mapema, akaenda chooni kwanza, akarudi kwenye benchi. Alitoa mkono kwenye sweta, akaegemea ukuta, miguu yote chini, akafumba macho. Nesi Devotha akafika na mkanda wake.

"Shikamoo mama."

Kimya.

"Mama, shikamoo."

Benchi zima liligeuka. Katika nchi yetu ya Umatengo mtu anaweza kukunyima maji, lakini salamu hakunyimi. "Huyu anaringa kwa lipi?" mwanamke mmoja akanong'ona. Uso ulimwaka Ottilia kwa aibu, ulimi ukawa unataka kutoka wenyewe. Akaubana kwa meno.

"Baba, mkeo amepata kiharusi?"

"Hana kiharusi," Melkior akasema. "Ataitikia ukimaliza. Ukimsemesha anapanda. Imeandikwa humu daftarini, na muhuri upo."

"Mimi simpimi mtu anayenidharau. Anayefuata."

Ottilia hakufumbua macho, wala hakusogea kumpisha anayefuata. Kama ni kurudishwa, leo wambebe na benchi.

Dokta Cleopa wa macho alitoka kuona foleni imekwama wapi. Akaelezwa na watu watatu kwa pamoja. Akachukua daftari akitabasamu, akasoma maneno ya mtendaji, akacheka. Kisha akaanza kurudisha kurasa nyuma, miezi kwa miezi, na kicheko kikaishia njiani. Akafika kwenye ile tisini na nne.

"Siku hii alikuwaje?"

"Nilimtoa kwenye ngolo," Melkior akasema.

Daktari akafunga daftari. "Dakika tano, asiseme mtu. Na wewe, Devotha."

Benchi likanyamaza. Nje pikipiki ilizima. Mkanda ukakaza, ukalegea. Mia arobaini na sita. Ukasubiri, ukakaza tena. Mia arobaini na moja.

"Andika hiyo," daktari akasema. "Ataingia wa kwanza."

Ndipo Ottilia akafumbua macho.

"Marahaba, binti yangu. Nyumbani hawajambo. Kahawa inaanza kuiva. Mbuzi wazima." Alimtazama kwa lile jicho lililobaki na mwanga kidogo. "Na mwaka jana nilikuwa mzima hivihivi. Hilo nalo liandike."

Devotha aliandika mia arobaini na moja, kalamu ikasita hapo, akasogea kwa aliyefuata, mzee Isidori kutoka Ukata, aliyerudishwa pamoja na Ottilia mwaka jana.

"Shikamoo mzee."

Mzee Isidori akatoa mkono kwenye koti, akaegemea ukuta, akafumba macho na mdomo pamoja. Na yule mwanamke aliyenong'ona, pembeni yake, alikuwa tayari anakunjua miguu yake na kuiweka chini yote miwili.