Maji ya Ainembabazi

"Usimpe maji," Bibi Placidia alimwambia mwanawe Privatus. "Tumbo linaloharisha huachwa likauke."

Hivyo ndivyo walivyomfanyia Mugisha, mtoto wa kwanza wa Privatus, miaka mitatu nyuma, wakaishia kumzika mgombani nyuma ya nyumba yao ya Kaisho. Sasa aliharisha mdogo wake, Ainembabazi, wa miezi kumi na minne. Siku ya pili macho yalimtumbukia ndani, akawa analia bila machozi. Hofu ikamzidi Privatus. Akampakata mtoto, akapanda bodaboda hadi zahanati.

Nesi Felicitas alifinya ngozi ya tumbo la mtoto, nayo ikachelewa kurudi. Akakoroga pakiti ya chumvichumvi, unga wa chumvi na sukari, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, akampa Privatus kikombe na kijiko.

"Kidogo kidogo, Baba Ainembabazi. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena."

"Sista, hayatamwongezea kuharisha?"

Felicitas akavuta kiti. Akaeleza kwamba ukuta wa utumbo umejengwa kwa seli, ndogo mno kuonekana kwa macho, na kila seli ina vijilango.

"Upo mlango unaofunguka chumvi na sukari vikifika pamoja. Vikiingia, maji huvifuata mpaka kwenye damu. Hata mtoto akiharisha, mlango huo hufanya kazi."

Privatus alinywesha kijiko kwa kijiko tangu saa nne. Mtoto alitapika mara mbili. Saa tisa alikojoa, akamlowesha baba yake mapajani, kisha akalia kwa machozi.

Privatus hakutabasamu. "Mlango huo, sista, kila mtoto anao?"

"Kila mtoto."

"Hata niliyemzika?"

Felicitas akakijaza kikombe tena. "Hukujua, baba."

Njia nzima alipanga atakavyomwambia mama yake. Lakini alipomwona Bibi Placidia akimkimbilia mjukuu na kumkumbatia, akayaacha maneno hayo. Akamwonyesha tu namna ya kukoroga, akamweleza habari ya mlango.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Jambo hili limejulikana lini?"

"Zamani, mama."

Bibi akakichukua kikombe. Alikaa chini, akachota kijiko, maji yakamwagika kabla ya kufika mdomoni mwa mtoto. Privatus akachutama kando yake, akamshika mkono, wakanywesha pamoja.