Mara Moja ni Ndiyo

Baba mkwe wangu ni fundi cherehani mwenye mdomo. Hakuna mshono mbaya utakaopita mbele yake asiuseme. Asubuhi ile, katika chumba ninachosomea picha za wagonjwa, alikuwa kimya. Alisimama ameegemea ukuta na kiti kipo.

"Kaa, Baba."

"Nimekaa maisha yangu yote, mama. Nipe dawa ya mgongo niende zangu."

Eksirei yake ilikuwa kwenye skrini. Mifupa haikuwa na kasoro, ni uzee tu. Ningemruhusu aende, kama nisingemwona akiingia: mguu wa kushoto ulikuwa ukipiga sakafu kofi, vidole haviinuki. Eksirei haionyeshi neva. Na mtu ambaye kwetu haishi kwenda msalani, siku hiyo hakuwa ameenda hata mara moja.

Kama neva za chini ya mgongo zimebanwa, kila saa inayopita inaondoka na mguu na kibofu, na havirudi. Kipimo cha MRI, kinachoonyesha neva, kilikuwa na foleni ya wiki nzima. Ili apitishwe mbele nilihitaji dalili moja zaidi: ganzi pale mtu anapokalia. Daktari wa mapokezi alishamuuliza, akajikaza kisabuni akasema hana tatizo, maana alijua majibu yatapita kwangu. Na mimi, mke wa mwanawe, nimuulizeje?

Nilimkasirikia, nikajikasirikia na mimi. Nikageuza kiti, nikampa mgongo.

"Baba, sikuoni. Gonga meza. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Ukikaa, unakisikia kiti?"

Nikadhani ametoka. Kisha akagonga mara mbili.

"Mkojo unatoka?"

Mara mbili tena, polepole.

Nilitaka kulia. Badala yake nilishika simu, nikagombana na kila aliyeipokea mpaka mzee akaingizwa kwenye mashine. Picha ilipotoka niliiona kabla sijavaa miwani: gegedu la kati ya pingili limechomoka, limezibana neva kama nguo iliyofungiwa mlangoni. Daktari wa upasuaji alimchukua mchana huohuo, bila kuniahidi kitu.

Kesho yake wauguzi walimtoa mpira wa mkojo. Nilizunguka nje ya wodi, naogopa kuingia. Nilipoingia, mzee akatazama dari. Nikageukia dirisha.

"Baba, umeweza kwenda mwenyewe?"

Akagonga chuma cha kitanda mara moja.

Nikasubiri pigo la pili. Sahani zililia kwenye toroli, mtu akakohoa, na mimi bado nasubiri.

"Mama," akasema nyuma yangu, "hilo gauni nani alikushonea? Mgongoni limekwenda upande kabisa."