Mkaguzi Asiyeaga

Kitufe alianza kung'ata watu siku ya nne baada ya mama yake kuondoka. Alikuwa na miaka miwili na nusu, uso wake wa mviringo ndio uliompa jina hilo la utani, na mpaka wiki hiyo hakuna aliyemjua kwa ukorofi. Sasa alimwaga maziwa kwa makusudi huku akimkazia baba yake macho. Alitumbukiza viatu vya baba huyo kwenye ndoo ya kufulia. Na mchana, wenzake walipolazwa katika kituo cha malezi, yeye alikaa wima juu ya godoro lake na kumng'ata yeyote aliyemkaribia.

Baba yake alikuwa mkaguzi wa mizani. Kila siku alibeba sanduku la mawe ya kupimia ya shaba, akaingia dukani, akayapanga kwenye mizani ya mwenye duka kwa kibanio, kwa maana jasho la kidole nalo lina uzito wake. Mizani iliyosema kweli aliigonga muhuri, iliyodanganya aliifungia. Kazi hiyo ina sharti moja lisilovunjwa: mkaguzi hatangazi kuja kwake wala kuondoka kwake, asije mtu akamtangulia duka la pili na kutoa taarifa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ametoka madukani bila kuaga, na hakuona ubaya wowote.

Ndivyo alivyoamua pia mkewe aondoke. Mkewe, muuguzi, alikuwa amepata nafasi aliyoisubiri miaka sita: mafunzo ya miezi tisa ya kuhudumia wagonjwa wa figo, katika mji wa mbali. Alitaka kumuaga mwanawe. Mume alikataa. Alisema mtoto atalia bure, na kwamba usingizi wa mchana ndio wakati wenyewe. Basi mama akatoka saa nane, begi begani, viatu mkononi ili visisikike sakafuni. Kitufe alipoamka, alimwita chumba kwa chumba.

Mkaguzi alilikabili tatizo kwa njia aliyoijua. Yeye mwenyewe alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba, na huko alifundwa kwamba machozi hukauka yasipotazamwa. Alimsimamisha mtoto kwenye kona. Alipanga saa za kula na za kuoga, akaziandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, kana kwamba mhusika anajua kusoma. Jioni mkewe alipopiga simu, alimjibu kwamba mambo ni shwari. Uongo huo hakuwa na mtu wa kumweleza. Mwenye duka mmoja aliona alama za meno kwenye mkono wake, akamuuliza kwa upole iwapo siku hizi serikali imemhamishia idara ya mbwa.

Alhamisi, saa sita na nusu, mlezi alimwita kituoni. Alimkuta langoni, amembeba Kitufe ubavuni kama mzigo usio na mwenyewe.

"Watatu kwa wiki moja, Bwana Mizani," alisema mlezi. "Wazazi wenzako wamenijia juu. Kesho mlete, nijaribu mara moja tena. Aking'ata, mimi basi."

Mkaguzi hakuhitaji kufafanuliwa. Hakuwa na dada wala mama wa kumwachia mtoto. Kituo kikimkataa, mkewe angelazimika kurudi, na nafasi ile isingemngojea.

Nyumbani alimlaza Kitufe kitandani. Mtoto akainuka. Baba akamlaza tena, naye akainuka tena. Hapo mkaguzi aliona jambo ambalo siku zote hizo hakuwa ametulia akalitazama: mtoto alikuwa ameshikilia kope zake kwa vidole, zisijifumbe.

"Kwa nini hutaki kulala?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo lilikuwa swali, si amri.

"Nikilala unaenda," alisema Kitufe. "Mama kaenda."

Mkaguzi alikaa sakafuni. Hakuwavumilia wenye maduka waliojitetea kosa likishaonekana, na hakuweza kujivumilia mwenyewe. Alimwambia mtoto, kwa maneno mafupi, kwamba mama yuko kazini, mbali, na atarudi. Kwamba alitaka kuaga, ila baba ndiye aliyemkataza. "Baba alikosea," alimaliza.

Kitufe alimtazama kana kwamba hajasikia, kisha akamsukuma kifuani. "Baba lala."

Mkaguzi akalala chali. Akaamriwa afumbe macho, akafumba. Miguu midogo ilikwenda, mlango ukafungwa, pakawa kimya. Alijua fika kwamba mtoto yuko sebuleni, hatua sita tu, na mlango wa nje una komeo. Hata hivyo alitega sikio. Akauona ukuta wa bweni, wa kijani hadi usawa wa bega, na akasikia gari la baba yake likiondoka wakati yeye anaonyeshwa kitanda chake. Hakufumbua macho mpaka mlango ulipofunguka.

"Nimekuja," Kitufe alitangaza.

Walirudia hivyo mchana kutwa, kwa zamu. Jioni mkaguzi alimweleza mkewe yote.

"Nilijua," alisema mkewe. "Nilijua, na bado nikakusikiliza." Alitaka kupanda basi la asubuhi. Mume akamwomba siku moja tu.

Ijumaa, langoni pa kituo, alichuchumaa hadi macho yao yakalingana. "Naenda kazini. Mkishakunywa maziwa ya saa tisa, nitakuja kukuchukua." Kitufe alipiga yowe lililogeuza shingo za wapita njia, akamng'ang'ania kola. Mkaguzi hakumhadaa wala hakunyata. Alivibandua vidole kimoja kimoja, akasema kwaheri tena, akaenda, na kilio kikamsindikiza hadi kona.

Saa saba alikuwa peke yake kwenye ngazi za nyuma ya duka, mkate haujaguswa, simu juu ya goti. Ujumbe wa mlezi ulikuwa mfupi: kulala amekataa, amekaa anatazama mlango, lakini hajamng'ata mtu, Jumatatu mlete.

Aliupeleka kwa mkewe kama ulivyo, bila kuupunguza wala kuupamba. Jibu halikuja, huenda alikuwa wodini. Saa nane na nusu mkaguzi alikwisha kufika kituoni. Hapakuwa na mzazi mwingine. Akasimama langoni juani, akangoja wamalize maziwa.