Funga Kitabu, Mama

Wiki nzima Mama hakuwa na kituo. Alikuwa muuguzi msaidizi wodi ya watoto, na Jumatatu angefanya mtihani wa kupandishwa cheo. Alisoma amesimama, akasoma akikoroga sufuria, na kila mstari akaupaka kalamu ya manjano, hata binti yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, akashindwa kujizuia.

"Mama, kitabu kimeshikwa na homa ya manjano."

"Cheka tu. Nimeshakirudia tena na tena."

"Basi kifunge. Nitajie dalili za mtoto aliyeishiwa maji mwilini."

Mama akakifunga. Macho kuingia ndani. Mdomo kukauka. Mambo aliyoyaona wodini kila uchao yalimponyoka kama sabuni.

"Usinijaribu kama mtoto!" akafoka, akabeba beseni la nguo kwenda kuanika. Alishafeli mara moja, na tangu hapo wenzake kazini walimwita Mama Karudi, kwa kurudi vile vile alivyokwenda.

Uani jirani yao, fundi cherehani, alikuwa akipiga pasi. Bila kuulizwa, Mama akaanza kumweleza. "Ukimfinya mtoto ngozi ya tumbo, inarudi polepole..."

"Kwa nini polepole?" fundi akauliza.

Mama akatupia nguo kambani zikiwa zimekunjamana, akakimbilia kitabu na kusoma pale pale alipokwama, pengine pote akapaacha.

Tangu siku hiyo binti akawa hampi nafasi. Asubuhi, Mama akimsuka nywele, binti alimwuliza maswali ya jana na ya juzi, kayachanganya makusudi.

"Si ungefuata mpangilio!"

"Ukifuata mpangilio unakariri wimbo, Mama. Mtihani hauimbi."

Mama alinuna, akakosea, akavuta msuko kwa hasira, akarudia.

Jumatatu akaingia kwenye mtihani. Swali moja jibu lake lilimtoka kabisa. Akaliruka, akajibu mengine, akalirudia mwishoni na kulijibu nusu. Njiani kurudi nyumbani nusu iliyobaki ikamjia yote. Akasimama ghafla, akajipiga paja. "Sasa ndiyo unakuja!"

Siku za kungoja matokeo hakukalika naye. Alifua hata mapazia safi. Matokeo yalipotoka, alikuwa amepita, chupuchupu.

Binti aliporudi kutoka shule alimkuta amejitupa kitandani mchana kweupe, viatu vya kazi bado miguuni, anakoroma. Akamvua kimoja, kisha cha pili. Mama hakutikisika.