Madanzi ya Kusugulia Kibao

Jumanne asubuhi Bibi Yunis alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, anasugua sufuria. Alikata danzi katikati, akachovya nusu yake kwenye jivu, akazungusha, masizi yakatoka. Danzi ni chungwa chachu, na madanzi ya mti wake yalikuwa machachu kiasi kwamba mtu alifumba jicho moja kabla hajaonja. Kwa kazi, hata hivyo, hayakuwa na mwenzake. Nusu moja ilitosha sufuria mbili na mwiko. Nusu nyingine alikamulia samaki kutoa shombo. Maganda aliyaanika, akayachoma jioni kufukuza mbu. Mwenye kikohozi alipewa maji yake na asali. Mwenye maneno mengi alipewa zima, pamoja na chumvi na pilipili, ili anyamaze kidogo.

Mti wenyewe ulikuwa haujawahi kumwagiliwa maji ya bomba, ingawa kitongoji kiliitwa Bombani. Jina hilo walipewa mwaka 1994, siku bomba lilipozinduliwa. Bomba likazinduliwa tena mwaka 2001, na 2006, na 2012, na 2019. Mtu asije akasema Bombani imesahauliwa. Kuna miji mikubwa haijazinduliwa hata mara mbili. Maji yalikuwa mtoni, mwendo wa dakika arobaini kwenda, na zaidi kurudi, maana ndoo ikijaa njia nayo hurefuka.

Mdanzi ulipandwa na Raheli, binti yake, kwa kutema mbegu. Alikuwa na miaka saba, amebishana na wenzake kwamba atamaliza danzi zima bila kukunja uso. Akashindwa, akatema, mbegu ikaota pale ilipoangukia. Mwaka 2006, siku ya tatu baada ya uzinduzi, Raheli alishuka mtoni na ndoo. Ndoo ilipatikana. Tangu hapo Bibi Yunis aliumwagilia mti ule maji ya kuoshea vyombo, kila siku, na hakuna aliyemsikia akilizungumzia jambo hilo.

Basi, kabla sufuria ya pili haijang'aa, akaja mwenyekiti wa kitongoji, Abubakari, pamoja na mtendaji wa kijiji, Nickson, kijana aliyetembea na faili hata akienda kuoga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni mkae."

Hawakukaa. Mwenye habari mbaya huwa hakai.

"Bibi, keshokutwa tuna ugeni," Abubakari akasema.

"Wa bomba?"

"Umejuaje?"

"Nimeona mmefyeka nyasi."

"Mradi umekarabatiwa, bibi. Tangi limepakwa rangi."

"Ndani au nje?"

"Nje."

"Haya. Afadhali nje, ndani nani ataona?"

Abubakari akakohoa. Akautazama mdanzi kuanzia chini mpaka juu, kama mnunuzi wa ng'ombe. "Sasa, hema la mgeni rasmi linatakiwa likae hapa, karibu na bomba. Huu mti ndio unatuzuia. Itabidi tuukate."

Bibi Yunis akaendelea kusugua. Sufuria ilikuwa imeshatakata, alisugua tu.

"Na kibao chenu?" akauliza.

Kibao kilikuwa cha shaba, kimepigwa misumari kwenye nguzo ya bomba. Kwa kubana matumizi, kilikuwa kilekile tangu mwanzo; kila mwaka wa uzinduzi jina la mgeni mpya liliandikwa kwa rangi juu ya jina la mgeni wa zamani. Sasa kilikuwa kimeota ukijani, na rangi ilikuwa nene kama ugali wa jana.

"Tumejaribu petroli," Nickson akasema. "Tumejaribu msasa. Fundi Alfred, yule anayeandika malori kule Mikumi, anakuja keshokutwa hiyohiyo. Amesema juu ya uchafu haandiki."

"Mtasugua na nini, mkishakata mti?"

Wale wawili wakatazamana. Nickson akafungua faili, akafunga.

"Kwanza kibao," Abubakari akaamua, "kisha mti."

Jumatano walikileta kibao kimefungwa kwenye kanga, kama mtoto. Bibi Yunis akachuma madanzi kumi, akaketi chini ya mti, akaanza. Rangi ya juu ilitoka upesi. Herufi za mwisho za jina la mgeni rasmi wa mwaka 2019 zilipoishia kwenye jivu, mwenyewe akatokea kwenye kijia cha nyuma ya jiko, anajipangusa vumbi kwenye koti.

"Hapa ndipo?" akauliza.

"Ndipo."

Akatafuta kivuli, akakaa.

Chini yake palikuwa na jina la mwaka 2012. Huyo alikuwa mama mmoja mnene, na kitenge alichozawadiwa siku ile kilikuwa bado kimo kwenye mfuko wake wa nailoni. Akasalimia vizuri, akauliza choo kiko wapi. Wa 2006 alikuja anaongea na simu ya vitufe. Wa 2001 alikuwa ameshafariki miaka mingi, akaja hivyohivyo, na pamba zake puani, akaomba kiti cha mbele kwa sababu hasikii vizuri. Wa mwisho alikuwa wa 1994, amevaa suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni. Alipowaona wenzake akawapa mikono kwa kufuata cheo.

Naishorua, jirani yake wa upande wa malisho, alikuwa amekuja kuomba madanzi ya kulainishia nyama ya beberu mzee. Akawatazama wale watu watano, akahesabu vikombe.

"Bibi, hawa watakunywa chai ya maziwa?"

"Watakunywa nini kingine? Wamekuja kula hawa."

"Nilete lita tatu?"

"Lete tano. Yule mwenye pamba ana kiu, amekaa sana mahali pakavu."

Naishorua akaenda. Bibi Yunis akabaki na kibao mapajani. Akakata danzi la nane, akachovya, akasugua tena pale lilipokuwa jina la 1994. Kama wanaorudi ni hawa, mwingine naye angeweza kurudi. Alisugua katikati. Alisugua pembeni, penye misumari. Alisugua mpaka danzi la kumi likabaki ganda, na vidole vikamwasha. Shaba ikang'aa, tupu kabisa. Jina la Raheli halikuwahi kuandikwa pale, na danzi, pamoja na ukali wake wote, linatoa kilichoandikwa tu.

Akakifuta kibao kwa upindo wa kanga, akakiweka chini.

Jioni Abubakari alikuja na shoka. Akakuta wageni rasmi watano kivulini, wanashushia mihogo kwa chai. Hakushangaa, alikasirika kidogo, kwa sababu ya viti.

"Nickson," akanong'ona, "itifaki inasemaje?"

Nickson akapekua faili lake lote. "Mti wenye kiongozi chini yake haukatwi."

"Na huyu marehemu?"

"Haijasema awe hai."

Shoka likarudi nyumbani, na hema likasogezwa upande wa pili, kwenye banda la kuku la Abubakari mwenyewe. Kuku walihamishiwa ofisini.

Kilichobaki yalikuwa maji, maana bomba haliwezi kuzinduliwa kavu, ni aibu. Wanawake wa Bombani wakaambiwa wajaze tangi. Walikwenda mtoni alfajiri ya Alhamisi, na Naishorua akatoa punda wake wawili na madumu manne. Bibi Yunis alibeba ndoo tatu, moja moja. Walimwaga ndani ya tangi kwa kupokezana kwenye ngazi, ili saa nne mgeni rasmi afungue bomba na kuwatua ndoo wanawake walewale.

Mgeni rasmi alifika saa nane, maana msafara wake ulipita Mikumi na Mikumi kuna nyama choma. Akasema maji ni uhai. Akasema hayatakauka. Akafungua bomba, yakatoka, ya kahawia, watu wakapiga vigelegele. Ndipo wale watano waliposimama kutoka chini ya mdanzi wakajipanga foleni, kwa sababu kila mmoja alikuwa na haki ya kufungua alichokizindua. Wa 1994 akafungua. Wa 2001 akafungua, akalowa pamba. Wa 2006 alipofungua, bomba likakohoa mara mbili, likatoa hewa.

"Hata siku yangu lilifanya hivi," akasema, akarudi kukaa.

Bibi Yunis akamfuata, akampa danzi lililokatwa.

"Shikamoo mama," akasema yule.

"Marahaba. Wewe ndiye ulisema hayatakauka."

"Ndiyo, nilisema."

"Siku ya tatu Raheli wangu alishuka mtoni."

Mgeni akatikisa kichwa polepole, vizuri, kama alivyozoea. "Pole sana, mama. Sikujulishwa."

"Tuliandika barua."

"Ilipokelewa?"

"Ilipigwa muhuri."

"Basi ilipokelewa," akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kazi. "Hili lina sukari?"

"Halina."

Akauma. Uso ukamkunjamana wote, na chozi likamtoka, likashuka mpaka kwenye tai. Watu waliokuwa karibu wakaguswa sana. Abubakari alimwambia Nickson aandike kwamba kiongozi amelia pamoja na wananchi. Bibi Yunis peke yake ndiye aliyejua lile chozi lilikuwa la danzi.

Alfred wa Mikumi akaandika jina jipya juu ya shaba, kwa herufi zenye vivuli, kama zile za kwenye malori, akamalizia na ua dogo pembeni bila kuombwa. Kibao kikarudishwa kwenye nguzo. Msafara ukaondoka. Wale watano hawakuwa na gari, wakabaki.

Wako mpaka leo. Wanakunywa juisi ya danzi, ambayo hula sukari ya wiki kwa siku mbili, na mama wa 2012 ameonyeshwa jinsi ya kuanika maganda. Wa 1994 hukatiwa danzi la kusugulia viatu. Yule marehemu hana usumbufu, ila ananung'unika kuhusu mbu, jambo ambalo Naishorua anaona ni kudeka tu. Mti unastawi. Abubakari hupita kila mwezi kuutazama, akahesabu matunda, akamkumbusha bibi asiwagawie watoto yote, kwa kuwa kibao kimeanza tena kuota ukijani pembezoni na uzinduzi mwingine hauwezi kuwa mbali.

Kila siku saa moja asubuhi Bibi Yunis hurudi kutoka mtoni na ndoo kichwani. Hupita mbele ya bomba, hupita mbele ya kibao, hukata kona penye banda. Wale watano wakimwona husimama wote, kwa kufuata cheo, wakampigia makofi mpaka amalize kupita.

Yeye humwaga kata moja ya maji kwenye shina la mdanzi, kisha huingia jikoni.