Baba Aliyeganda Mdomo Wazi

Asubuhi Dayamí aliwahi kupiga pasi gauni lake la kutimiza miaka kumi na tano, kabla umeme wa mji wao, Holguín, haujakatika. Jioni angecheza dansi ya kwanza na baba yake, aliyeko ng'ambo, Montevideo, kwa simu ya bibi yenye kioo kikubwa. Lakini wageni walipofika, kila alipopiga, sura ya baba iliganda mdomo wazi.

"Kama samaki wa sokoni!" binamu yake Yoel akacheka.

"Nyamaza wewe! Bibi, ni hii programu yako ya VPN. Inaipeleka simu Uholanzi kwanza."

"Usithubutu kuizima, mjukuu wangu! Tamthilia zangu nitazionea wapi?"

Dayamí akaingia kwenye mipangilio, akaiacha VPN na tamthilia zake, ila simu za video akaziruhusu zipite njia ya kawaida. Akapiga tena. Baba akafunga mdomo, kisha akaufungua.

"Binti yangu! Umekuwa mkubwa hivyo?"

Muziki ukapigwa. Dayamí akazunguka ameinua simu mbele yake, bibi akishangilia. Ulipokwisha, akaona aibu kuuliza mbele ya watu, akaandika kwa simu yake ndogo: "Baba, nimecheza vizuri?"

Kwenye kioo kikubwa, baba hakuuona ujumbe. Alikuwa bado anazunguka jikoni kwake, amekumbatia ufagio.